Je, mwali wa leza utamaliza ubishi wa sumu katika maji ya Mto Mara?

MACHI 2022, wakazi wa kandokando ya Mto Mara, hususan wa eneo la Kirumi mkoani Mara, walikuta maji ya mto huo yamegeuka kuwa meusi na samaki wakielea juu wakiwa wamekufa. Matumizi ya maji hayo yalipigwa marufuku, kamati ya kitaifa ya wataalamu ikaundwa, sampuli zikachukuliwa na kupelekwa maabara, na wananchi wakaambiwa wasubiri.

Majibu yalipotoka, kamati ilieleza kuwa samaki walikufa kwa kukosa hewa ya oksijeni, na kwamba hewa hiyo ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza ndani ya maji. Kisayansi maelezo hayo hayana ajabu, kwani uozo ukizidi katika mto uliopungua kasi, vijidudu vinavyouozesha ndivyo vinavyoimaliza oksijeni. Hata hivyo, wananchi wengi, ambao macho yao yalikuwa yameelekezwa migodini tangu siku ya kwanza, hawakuridhika. Vijiweni na katika mitandao, hadithi ya kinyesi cha ng'ombe ikageuzwa kichekesho.

Kutoamini huko hakukuanza mwaka huo. Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, ambao wanavijiji wa Tarime hutumia kwa kunywa, kufua na kunyweshea mifugo. Kampuni iliyokuwa ikiumiliki mgodi ilikiri kuwapo kwa mvujo huo na kueleza kuwa ulisababishwa na wizi wa karatasi ya plastiki iliyotandazwa chini ya bwawa. Wanavijiji walidai kuwa watu na mifugo wamekufa, madai yaliyobishaniwa kwa miaka. Muongo mmoja baadaye, Mei 2019, Serikali iliutoza mgodi huo faini ya Sh5.6 bilioni kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu.

Kwa hiyo, kamati ya mwaka 2022 ilipozungumza, ilizungumza na watu waliokuwa na kumbukumbu. Pengine hata jibu sahihi kuliko yote lisingesalimika. Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni muda na mahali pa kupima. Mto haungoji kamati. Maji yaliyoua samaki siku ya Jumatatu huwa yameshaingia ziwani kabla chupa ya kwanza ya sampuli haijafika mezani pa mkemia, na mwananchi aliyeona samaki wamekufa kwa macho yake hulazimika kuamini karatasi iliyoandikwa mbali naye, kuhusu maji ambayo hayapo tena.

Ni katika pengo hilo la muda na la imani ambamo teknolojia ya kupima metali nzito kwa mwali wa leza inatafuta nafasi. Kwa miaka ya karibuni watafiti wa nchi mbalimbali, zikiwamo za Ulaya na China, wamekuwa wakichapisha kazi nyingi kuhusu njia hiyo, na ahadi inayorudiwa katika kazi hizo ni moja: kifaa kinachobebeka, kinachoweza kusimama kando ya mto au kwenye mdomo wa bomba la majitaka ya kiwanda, na kutoa jibu kwa dakika badala ya wiki.

Ahadi hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya kushangiliwa.

Jinsi njia hiyo inavyofanya kazi si jambo gumu kueleweka. Mwali wa leza hukusanywa kwa lenzi hadi kuwa nukta ndogo kuliko kichwa cha sindano, na hupigwa kwa muda wa sehemu chache tu za bilioni ya sekunde. Mahali unapotua, kitu chochote, kiwe jiwe, chuma au tone la maji, hugeuka papo hapo kuwa mvuke unaowaka, ambao wanafizikia huuita plazima. Joto la mvuke huo huweza kuzidi nyuzi 10,000, ilhali uso wa jua una nyuzi zipatazo 5,500. Cheche hiyo hudumu kwa muda mfupi mno, na inapopoa, atomi zilizomo hutoa mwanga.

Mwanga huo ndio unaotoa siri. Kila elementi ina rangi zake, ambazo hazifanani kikamilifu na za nyingine. Mpishi yeyote aliyewahi kumwagikiwa na maji ya chumvi kwenye jiko la gesi ameona ndimi za moto zikigeuka manjano. Ile ni rangi ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Risasi huonekana katika wimbi lenye urefu wa takriban nanometa 405.8, kromi 425.4, shaba 324.8 na zebaki 253.7, ambalo jicho la binadamu haliwezi kuliona. Kifaa kiitwacho spektrometa huutawanya mwanga wa cheche kama matone ya mvua yanavyoutawanya mwanga wa jua kuwa upinde, kisha kompyuta husoma ni mistari ipi imejitokeza na inang'aa kiasi gani. Mng'ao mkubwa ni dalili ya metali nyingi.

Msingi wa elimu hiyo ni wa zamani, na kwa bahati ulianzia kwenye maji. Mwaka 1860, wanasayansi wa Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waliuchunguza mwanga wa mabaki ya maji ya chemchemi ya Dürkheim na kuona mistari miwili ya buluu isiyokuwa ya elementi yoyote iliyojulikana. Ilikuwa elementi mpya, waliyoiita kaesiamu. Ili kupata kiasi cha kutosha cha kuifanyia kazi, Bunsen alilazimika kukausha maji yapatayo tani 40. Jambo hilo la kukausha maji lafaa kukumbukwa, kwa maana litajitokeza tena.

Leza yenyewe ilipatikana mwaka 1960, Theodore Maiman alipoiwasha ya kwanza nchini Marekani, na miaka miwili tu baadaye wanasayansi waliripoti kuwa cheche yake inaweza kutumika kutambua elementi. Kwa muda mrefu ilibaki kuwa kazi ya maabara. Leo ni kazi ya kila siku katika viwanda vya chuma na kwenye vituo vya kuchambulia vyuma chakavu, na imevuka mipaka ya dunia. Gari la utafiti la Marekani, Curiosity, lililotua katika sayari ya Mars mwaka 2012, lilibeba leza inayoweza kulipiga jiwe lililo umbali wa hadi mita 7 na kusema limeundwa kwa nini. Agosti 2023, kigari cha India kilichotua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kilitumia njia hiyohiyo na kuthibitisha kuwapo kwa salfa.

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama leza inaweza kusoma jiwe lililo Mars, inashindwaje kusoma maji ya Tigithe?

Jibu ni kwamba maji ni adui wa cheche. Leza ikipiga jiwe, nguvu yake hutua mahali pamoja na plazima hukua vizuri. Ikipiga maji, sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika kuyachemsha, uso wa maji hutikisika na kufanya mawimbi, mapovu hutokea, na matone huruka na kuchafua lenzi. Cheche yenyewe, ikiwa ndani ya maji, hubanwa na kupozwa upesi mno kabla atomi hazijamaliza kutoa mwanga wake. Mpigo wa pili hukuta uso wa maji hauko pale ulipokuwa. Matokeo yake ni kwamba sampuli ileile ikipigwa mara kumi huweza kutoa majibu yanayopishana kwa kiasi kisichokubalika kwa mkemia.

Hapo ndipo hesabu zinapokuwa kali. Kwa metali nyingi, leza inayopigwa moja kwa moja juu ya maji huanza kuona kitu pale kiasi kinapofikia miligramu kadhaa kwa lita, au katika mitambo bora sehemu ya miligramu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu maji ya kunywa hauko huko. Kwa risasi, kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, arseniki pia 10, kadimi 3, zebaki isiyo ya kikaboni 6, kromi 50. Mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Maana yake ni kwamba mto unaweza kuwa na risasi mara kumi, hata hamsini ya kikomo, na leza ikatangaza kuwa haioni kitu.

Hatari ya kifaa cha namna hiyo mikononi mwa mtu asiyekijua, au mikononi mwa mtu anayekijua vizuri sana, haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi. "Hakijaonekana" na "hakipo" ni kauli mbili tofauti kabisa, lakini katika mkutano wa hadhara zinaweza kusomwa kama moja.

Watafiti wanalifahamu tatizo hilo, na sehemu kubwa ya kazi za miaka ishirini iliyopita imekuwa ni kutafuta namna ya kulikwepa. Wapo wanaoyapitisha maji katika mchirizi mwembamba unaokimbia kasi, ili kila mpigo ukute maji mapya na matone yasirudi kwenye lenzi. Wapo wanaopiga mara mbili, mpigo wa kwanza ukifungua kapovu ndani ya maji na wa pili ukiwasha cheche ndani ya kapovu hilo. Wapo wanaoyagandisha maji kuwa barafu. Wengine huichokoza cheche kwa leza ya pili iliyopangwa kulingana na rangi ya metali moja tu inayotafutwa, na kwa njia hiyo wameweza kushuka hadi mikrogramu chache za risasi kwa lita. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba leza ya pili ni ghali na nyeti, hivyo kifaa kilichokusudiwa kubebwa kwenye gari hurudi kuwa mtambo wa maabara.

Iliyo rahisi kuliko zote ndiyo inayomrudisha Bunsen mezani: kausha maji, kisha piga kinachobaki. Tone la maji hudondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia, kipande cha grafiti au hata ubao mwembamba, huachwa likauke, na leza hupigwa juu ya mabaki. Tatizo la mawimbi na matone huwa limekwisha, na metali iliyokuwa imetawanyika katika maji huwa imekusanyika mahali padogo. Wengine hutumia umeme kuivuta metali ikang'ang'anie kwenye bamba dogo, au utando unaoidaka maji yanapopita. Kwa mbinu hizi, kiasi kinachoonekana hushuka hadi makumi ya mikrogramu kwa lita, na mara nyingine chini ya hapo. Kwa risasi, shaba na kromi, huo ni ujirani mzuri na kikomo cha WHO.

Lakini kwa wakazi wa maeneo ya dhahabu, metali inayowanyima usingizi zaidi ni zebaki, na zebaki ndiyo inayoikataa njia hiyo.

Tanzania ina wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja, kuanzia Geita na Chunya hadi Tarime. Katika mialo ya kuchenjulia, zebaki huchanganywa na unga wa mawe uliooshwa, huishika dhahabu, kisha donge huchomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Kwa mujibu wa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, takriban asilimia 38 ya yote inayoingia hewani. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi kupunguza na pale inapowezekana kukomesha matumizi hayo.

Sasa, sifa ileile inayomwezesha mchenjuaji kuiondoa zebaki kwa moto ndiyo inayomkwamisha mpimaji. Zebaki huruka. Maji yenye zebaki yakikaushwa juu ya karatasi, sehemu ya zebaki huondoka na mvuke, na leza hupiga karatasi iliyokwisha kutorokwa. Cheche yenyewe haiitendei haki zebaki hata ikiwapo, kwa kuwa mwanga wake hupungua nguvu panapokuwa na hewa ya oksijeni. Hivyo, mtu atakayenunua kifaa cha leza kwa ajili ya kupima zebaki katika maji ya mwalo atakuwa amenunua kifaa kinachoona karibu kila kitu isipokuwa alichokifuata.

Arseniki nayo, ambayo hutokea katika miamba yenye dhahabu na ambayo ilitajwa katika ubishi wa Tigithe, ina mkosi wake. Mmoja wa mistari yake ya mwanga, ulio kwenye nanometa 228.81, umekaa karibu kabisa ubavuni mwa mstari wa kadimi ulio kwenye 228.80. Spektrometa ya bei ndogo haiwezi kuitenganisha. Ikiona mwanga hapo, inaweza kuandika kadimi pale palipo na arseniki, na kinyume chake.

Kuna jambo jingine ambalo ubishi wa maji huelekea kulisahau. Hata pale penye uchafuzi wa kweli, zebaki haikai sana ndani ya maji. Hushuka na tope, hugeuzwa na vijidudu vya tope kuwa zebaki ya kikaboni, kisha hupanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, na kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa katika ghuba ya Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 haukuletwa na maji ya kunywa. Uliletwa na samaki na kombe waliokuwa mlo wa kila siku wa wavuvi. Kwa hiyo maji yanayopimwa na kutangazwa kuwa safi yanaweza kuwa yamepita juu ya tope lisilo safi, na hapo leza huweza kusaidia, kwani tope lililokauka ni jamii ya jiwe. Metali zilizolundikana kwenye tope la bwawa au la mto kwa kipimo cha miligramu kwa kilo, hasa risasi, shaba na kromi, zimo ndani ya uwezo wake.

Mfano wa mahali ambapo kifaa hiki kingefaa tangu mwanzo upo pwani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, kikitoa moshi na maji yenye risasi katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aligundua tatizo baada ya mwanawe mchanga kuugua na kutibiwa kama mgonjwa wa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi vipimo vya damu vilipoonyesha risasi. Alianzisha harakati zilizompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020, mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu ya hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri ya fidia.

Risasi ni rafiki wa leza. Katika mfereji wa majitaka ya kiwanda cha betri, ambako kiasi chake huhesabiwa kwa miligramu, au katika vumbi la uwanja wa kuchezea watoto, cheche ingetoa jibu siku ileile. Hoja ya kwamba vipimo vya haraka huokoa maisha ilithibitishwa kaskazini mwa Nigeria mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, ambako watoto wasiopungua 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Wataalamu waliofika huko walitembea na bunduki za kupimia udongo zinazotumia mionzi ya eksirei, wakipima nyumba hadi nyumba na kuamua papo hapo ni ua upi uondolewe udongo. Hakuna maabara ya mbali ambayo ingefanya kazi hiyo kwa kasi ile. Leza si kifaa pekee cha aina yake, na kwa udongo mkavu ina mpinzani mwenye uzoefu zaidi.

Ikumbukwe pia kuwa pale dharura inapotokea, kifaa cha kwanza kuhitajika mara nyingi si cha ajabu. Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilipasuka nchini Zambia na kumwaga maji yenye tindikali katika mkondo unaoingia Mto Kafue. Maofisa walitaja kwanza lita milioni 50, kiasi kilichobishaniwa baadaye kuwa kilikuwa kikubwa zaidi. Huduma ya maji katika mji wa Kitwe ilifungwa. Katika saa kama hizo, kipimatindikali cha bei nafuu kingemtahadharisha mwendesha pampu kabla ya leza haijawashwa. Leza ingekuwa na kazi katika siku zilizofuata, kuonyesha shaba na metali nyingine zimetua wapi na zinahama kwa kasi gani.

Gharama nazo zinapaswa kuwekwa wazi. Mitambo ya maabara inayotumika sasa, ambayo huiunguza sampuli katika gesi ya agoni na kuhesabu atomi zake, huona chini ya mikrogramu moja kwa lita, lakini bei yake huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, na huhitaji agoni, tindikali safi, umeme usiokatika na mtaalamu. Kifaa cha leza hakihitaji agoni wala tindikali, nacho huweza kuendeshwa kwa betri. Lakini kinahitaji kusanifiwa upya kwa kila aina ya maji. Mizani iliyopangwa kwa maji masafi ya maabara itadanganya ikipelekwa kwenye maji ya tope ya Mara wakati wa masika, kwa kuwa vitu vingine vilivyomo katika maji hubadilisha ukali wa cheche. Aidha, mwali wake unaweza kupofusha jicho, na uso wa maji huurudisha kama kioo. Kukikabidhi kifaa hicho kwa ofisa wa kata bila mafunzo ni kumtafutia ajali.

Bangladesh iliwahi kukabiliwa na uamuzi wa namna hii. Ilipobainika kuwa mamilioni ya watu wanakunywa arseniki kutoka visima vifupi, nchi hiyo haikusubiri maabara zitoshe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima vipatavyo milioni 5 vilipimwa kwa vifaa vidogo vya mkononi vinavyobadilisha rangi ya karatasi. Kisima kilichozidi mikrogramu 50 kwa lita, kikomo cha nchi hiyo ambacho ni kilegevu mara tano kuliko cha WHO, kilipakwa rangi nyekundu, na kilicho chini yake kijani. Makosa yalikuwamo, na yapo yaliyokosolewa vikali na wanasayansi. Hata hivyo, mama aliyebeba ndoo aliiona rangi kwa macho yake, akajua aende kisima kipi.

Kwa mazingira ya Mara na Geita, nafasi ya leza inaelekea kuwa ya namna hiyo: kuchuja, kuonyesha ni wapi pa kupeleka nguvu za maabara. Kifaa kimoja chini ya bodi ya maji ya bonde, kikizungukia mabwawa ya topesumu, mifereji ya viwanda na tope la mito kwa ratiba inayojulikana, kingejenga kumbukumbu ya hali ya kawaida ambayo mwaka 2022 ilihitajika mno. Kamati iliyoitwa baada ya samaki kufa ililazimika kueleza badiliko kwa watu ambao hawakuwahi kuonyeshwa mto huo ulivyokuwa mwezi mmoja kabla.

Mbinu ya karatasi ina faida nyingine isiyotajwa sana. Karatasi iliyokaushwa haimwagiki wala haihitaji jokofu, na huweza kukatwa vipande viwili. Kimoja kikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kingine kikabaki katika bahasha iliyotiwa muhuri katika ofisi ya kijiji, tayari kupelekwa maabara nyingine ubishi ukizuka. Ni jambo dogo, na halihitaji leza kununuliwa kwanza ili lianze.

Kwa zebaki, bahasha hiyo haitafaa kitu. Sampuli yake hutakiwa kuwekwa katika chupa safi ya kioo iliyotiwa tindikali papo hapo kando ya mto, kwa kuwa katika chupa ya kawaida ya plastiki zebaki hung'ang'ania kuta za chupa au hupenya na kutoroka. Wanavijiji wengi wanaotaka kuhifadhi ushahidi huteka maji kwa chupa tupu za maji ya kunywa na kuziweka juani mlangoni, wakisubiri ofisa afike.